Harufu ya Kuungua Chumbani

Anayeishi pwani anaijua taabu ya masika. Kanzu iliyotundikwa kabatini huota ukungu, na kurasa za vitabu hugandana. Kwa ajili hiyo baadhi ya nyumba, na hata chumba cha misahafu cha msikiti wetu, zina mashine ya kuondoa unyevu hewani.

Juma lililopita, baada ya sala ya Isha, niliingia chumbani humo nikakuta harufu ya kuungua. Mashine ilikuwa bado inanguruma. Mzee mmoja wa kamati akaniambia, "Mwanangu, hilo ni vumbi tu." Nilizima swichi ya ukutani, ndipo nikachomoa plagi. Ilikuwa ya moto, na plastiki yake imegeuka rangi ya kahawia. Mashine ilikuwa katika ekstensheni moja na birika la umeme, na ekstensheni hiyo niliitandika mimi mwenyewe.

Kauli ya mzee ina ukweli kiasi. Zipo mashine zenye kipasha joto ndani yake. Hizo zikiwashwa baada ya kukaa miezi kadhaa huunguza vumbi, na harufu hutoweka upesi. Lakini nyingine hufanya kazi kama jokofu, kwa kompresa na feni, wala hazina moto wa kuunguza vumbi. Humo harufu ya plastiki au ya mota hutoka kwenye kitu kinachoharibika.

Ukishazima na kuiacha ipoe, tazama plagi na soketi. Toa chujio ulioshe, ukauke kabisa, na usogeze mashine mbali na ukuta na pazia. Harufu ikirudi, mwite fundi umeme. Usifungue mwenyewe, maana kapasita huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Wanunuzi wa mitumba nao wasome jina na namba ya mashine. Mwaka 2013 huko Marekani, mashine zaidi ya milioni 2 zilizotengenezwa na kampuni ya Gree, zikiuzwa kwa majina mbalimbali, zilitakiwa zirejeshwe kwa kuwa zilipata joto kupita kiasi na kuwaka moto. Tena za huko hutengenezwa kwa volti 120, na umeme wetu ni volti 230.

Yetu fundi ameibadilisha plagi, nasi tumeipa soketi yake ya ukutani. Mlango wa chumba ukifungwa usiku, nayo huzimwa. Birika limehamishiwa ukumbini, jambo ambalo wanywaji wa kahawa bado hawajanisamehe.