Legeza Hizo Rasta, Wewe Si Panya wa Laikipia

Ukitoka saluni ukishindwa hata kukunja uso, dadangu, hapo hujarembeka, umeumizwa.

Kila unywele huota kwenye kifuko kidogo ndani ya ngozi. Vifuko vyako vya kichwani viliumbika vyote ukiwa bado tumboni mwa mamako. Vikivutwa na rasta za kukazwa mwaka nenda mwaka rudi, vinachoka. Ukiwahi kulegeza, nywele hurudi. Ukichelewa, kovu linaziba mahali pake, na hapo hata umwage doh ya mafuta namna gani, hakuna kitaota.

Najua utasema sayansi inakuja. Ni kweli. Mwaka 2012 watafiti waliripoti kuhusu panya wenye miiba wa hapa Kenya, wakiwemo wa Laikipia. Panya huyu akikamatwa, ngozi inachunika anatoroka, kisha anaotesha ngozi mpya pamoja na vifuko vya nywele. Siri yake bado inasakwa.

Mpaka ipatikane, linda ulivyo navyo. Mwambie msusi alegeze. Akikujibu eti urembo lazima uume, inuka, tafuta msusi mwingine.