Mwanagenzi na Saketi ya Kugawa Sauti

Wako wakufunzi wanaomkabidhi mwanagenzi mchoro mzima wa saketi ya kugawa sauti, aunge kila kitu ndipo asikilize. Hatukubaliani nao. Saketi ikinyamaza, atajuaje kosa limejificha wapi? Na mwalimu aliyezoea kunakili asichokielewa atawanakilisha vivyo hivyo watoto wa darasa la tatu. Heri aanze na rezista moja ya omu 10,000 na kapasita moja ya nanofaradi 10. Sauti nzito zitapita; zile nyembamba, zilizozidi mitetemo 1,600 hivi kwa sekunde, zitafifia. Kisha avibadilishe nafasi vifaa hivyo viwili: sasa nyembamba ndizo zipitazo! Avirudishe tena, asikilize tena, hata mara nne. Opampu, na amplifaya ya kila spika, zingoje siku ya pili.