Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: Slipu ya mshahara iseme yote

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi,

Ninafanya kazi ya uhasibu Dar es Salaam, na kila mwisho wa mwezi wapo wafanyakazi wanaoniletea slipu zao za mshahara niwasomee. Kusoma wanajua. Kinachowashinda ni zile herufi, PAYE, NSSF, HESLB, WCF, SDL, ambazo hakuna aliyewahi kuwaeleza.

Chukua mtu wa sekta binafsi anayelipwa shilingi 500,000. NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, anakatwa asilimia 10, ambayo ni 50,000. Zinazobaki, 450,000, ndizo zinazopigiwa kodi ya mshahara, ile PAYE: 270,000 za mwanzo hazitozwi, zinazozidi hapo hutozwa asilimia 8, ambayo ni 14,400. Anaondoka na 435,600, kama hana mkopo wa elimu ya juu wa kurejesha HESLB. Akiona na WCF na SDL zimeorodheshwa humo humo, hudhani nazo ni zake. Kumbe Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na tozo ya kuendeleza ufundi stadi ni juu ya mwajiri peke yake. Na akikatwa kweli, atajuaje kwamba ameonewa?

Linaloniuma zaidi ni lile ambalo slipu hailisemi kabisa. Mwajiri naye anapaswa kuweka asilimia 10 yake, ili kwa mfano wetu ziingie 100,000 katika akaunti ya mwanachama. Slipu nyingi ninazoletewa hazitaji mchango huo, wala hazionyeshi kama fedha za mwezi uliopita zilifika NSSF. Zinathibitisha kukatwa, basi. Mtu anazitunza kwenye bahasha miaka na miaka akiamini ana akiba, kisha anafika dirishani kudai mafao na kuambiwa kuna miezi ambayo michango haikuwasilishwa. Pensheni ya uzeeni inataka michango ya miezi 180. Aliyetumikia miaka 15 kamili, ikakosekana miezi sita tu, ana 174. Pensheni ya kila mwezi imempita, anabaki na malipo ya mkupuo. Angejua mapema angedai mapema, mwajiri akiwa bado yupo na kiwanda hakijafungwa.

Najua mwanachama anaweza kuangalia michango yake kwa simu. Lakini mlinzi wa zamu ya usiku au mpishi wa hotelini hatashuku jambo ambalo karatasi yenye mhuri inamwambia limeshafanyika.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya malipo yake kwa maandishi, kwa fomu iliyowekwa na kanuni. Kanuni ziko mikononi mwako. Ninakuomba fomu hiyo iwe ya Kiswahili, kila kifupisho kiandikwe na jina lake kamili, na makato ya mfanyakazi yatengwe na michango ya mwajiri. Kisha uongezwe mstari mmoja wa lazima: mchango wa mwezi uliopita uliwasilishwa tarehe gani, kiasi gani, kwa kumbukumbu namba ipi.

Anza na kampuni kubwa, ambazo tayari zinaandaa mishahara kwa kompyuta. Kwao hiyo ni kazi ya kuongeza safu chache kwenye programu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhasibu, Dar es Salaam