Risasi Ilimkosa, Presha Haikumkosa



Mwaka 1991 nilikwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Huko nilipata marafiki watatu, vijana wakakamavu, ambao baadaye walijiunga na Jeshi la Wananchi. Mmoja alipelekwa Darfur. Mwingine alikwenda mashariki mwa Kongo mwaka 2013, na kikosi cha Umoja wa Mataifa. Tuliwaombea warudi salama, wakarudi.

Leo hao wawili ni marehemu, na hakuna aliyeuawa na adui. Wa Kongo alilala jioni, asubuhi hakuamka. Daktari alisema ni moyo. Wa Darfur alianguka bafuni kwa kiharusi akiwa na miaka 54. Msibani watu walinong'ona: "Jana tulimwona mzima! Hapa kuna mkono wa mtu."

Mimi muuguzi nasema hapana. Miezi michache kabla ya kifo chake, huyo wa Darfur alimleta mjukuu wake hospitalini kwetu. Nilimwambia aketi nimpime presha. Akacheka: "Dada, wapime wagonjwa. Mimi ni askari." Nikamwacha aende. Kosa hilo linaniuma hadi leo.

Kwa maoni yangu, wanajeshi wetu wanaponzwa na sifa yao wenyewe. Jeshini wamefundishwa kuvumilia, na uvumilivu ni jambo jema vitani. Lakini presha haipigi baragumu kabla ya kushambulia. Mara nyingi haina dalili yoyote. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kama wanayo. Tena, askari akishastaafu, mchakamchaka unakwisha, lakini sahani ya chakula haipungui. Chumvi, pombe na sigara vinaendelea.

Basi tufanyeje? Kila aliyefikisha miaka 40 apimwe angalau mara moja kwa mwaka. Kipimo kikionyesha 140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, hiyo ni presha ya kupanda. Ukiandikiwa dawa, usiiache kwa sababu unajisikia nafuu. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai. Na ukimwona mtu mdomo umekwenda upande, mkono umelegea au maneno yanamkwama, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Msianze kumtafuta mchawi.

Nanyi akina mama wenye waume askari, msiogope kuwasumbua. Afadhali akununie leo kuliko umlilie kesho.

Rafiki yangu wa tatu yu hai. Baada ya mazishi nilimshika mkono, nikamkalisha, nikampima: 170/110. Alikuwa hajisikii kuumwa popote. Sasa anameza dawa kila siku na kutembea kila asubuhi. Huyu sikukubali aniambie kuwa yeye ni askari.