Foleni Ihesabiwe kwa Watu

Siku hizi mwenye simu ya kisasa aweza kuambiwa, kabla hajatoka nyumbani kwake, kuwa Barabara ya Morogoro imejaa na kwamba atafika mjini baada ya dakika kadha wa kadha. Hii ni elimu kubwa wala sisi hatuidharau. Walakini twapenda kuuliza: utabiri huo wahesabu nini, na wamfaa nani?

Elimu yenyewe si ya jana. Mwaka 1935 Mmarekani Bruce Greenshields alionyesha kuwa kadiri motokaa zinavyosongamana ndivyo mwendo wake unavyopungua. Tena kuna kiasi ambacho kikipitwa, barabara hupitisha magari machache zaidi badala ya mengi. Mwaka 2008 wataalamu wa Japani walitangaza jaribio lao: magari 22 yaliendeshwa katika duara la mita 230, na madereva wakaambiwa washike mwendo mmoja. Haukupita muda foleni ikazuka, pasipo ajali wala taa wala shimo. Mmoja alipunguza mwendo kidogo, wa nyuma yake akapunguza zaidi, na hivyo hivyo hata wengine wakasimama kabisa. Wale wenye kudhani kuwa kila foleni ina mkosaji wake huko mbele yafaa walikumbuke duara hilo.

Watabiri wa leo hutazama mwendo wa simu zilizomo ndani ya magari, wakaulinganisha na wa siku zilizopita saa kama hiyo. Njia hii hufaa sana mahali ambapo siku hufanana. Dar es Salaam hazifanani. Taa za njia panda zina mpango wake, lakini mara askari husimama katikati, akaachilia upande mmoja na kuuzuia mwingine kwa muda anaouona yeye. Ni hesabu gani itakayouona mkono huo kabla haujainuliwa? Na wenye simu wote wakielekezwa wapite Sinza, Sinza nayo hujaa.

Hata hivyo kuna mambo yasiyohitaji mtambo. Miaka iliyopita mvua kubwa zilipofurisha Mto Msimbazi, njia ilifungwa Jangwani mara nyingi, na kila mtu alijua itafungwa. Kubashiri hakukuwa na kasoro hapo. Kilichokosekana ni mabasi ya kupita njia nyingine kabla watu hawajarundikana vituoni.

Kasoro iliyo kubwa kuliko zote ni hii. Kwa hesabu ya magari, kuchelewa dakika kumi kwa motokaa yenye mtu mmoja na kuchelewa dakika kumi kwa basi lenye watu zaidi ya mia ni sawasawa. Mabasi ya mwendokasi yalianza kazi mwaka 2016, yakiwa na njia yake peke yake toka Kimara hata Kivukoni. Njia hiyo yaweza kuwa nyeupe kabisa, ilhali kituoni wafanyakazi wamebanana wakingojea basi lisilokuja. Ukiuliza simu, hapana foleni. Ukimwuliza mama aliyesimama pale na mtoto mgongoni, atakwambia foleni imeanza alfajiri.

Kati ya sensa ya mwaka 2012 na ile ya 2022, watu wa Dar es Salaam waliongezeka toka 4,364,541 hata 5,383,728. Hao milioni moja hawana magari yao wote. Kwa hiyo twataka wenye kusimamia mabasi watumie hesabu za tiketi kubashiri umati wa kila kituo na kila saa, watangaze mapema mabasi mangapi yatapelekwa, na jioni waseme mangapi yalifika.

Waajiri nao wana sehemu yao. Ikiwa msongamano watokana na watu kutakiwa kazini saa moja na nusu wote kwa pamoja, si lazima ofisi zote za Posta zifunguliwe saa moja na nusu. Baadhi zaweza kufungua saa mbili na nusu na kufunga saa moja baadaye. Yafaa jambo hili lijaribiwe kwa mwezi mmoja, na vyama vya wafanyakazi viulizwe kwanza.