Mhasibu na Kirikuu Yake

Kijana mwenye shahada ya uhasibu akiacha ofisi na kununua kirikuu ya kubebea mizigo Kariakoo, wazazi huumia, hasa waliouza ng'ombe au kiwanja ili asome. Nawaelewa, lakini nasimama upande wa kijana. Kinachomwangusha msafirishaji mdogo mara nyingi si kukosa mzigo, ni kula fedha ya gari. Nauli ya kupeleka saruji Mbagala ni tamu ikiwa mkononi. Ondoa mafuta, posho ya utingo, matairi, bima, leseni ya LATRA, kodi ya TRA na ile safari ya kurudi tupu, ndipo utajua umebaki na nini. Na bado kuna uchakavu, gharama isiyo na risiti: kila kilomita inakula injini, na asiyeutengea akiba ataegesha gari siku giaboksi itakapokufa, kisha aanze kukopa kwa riba ya mtaani. Hapo ndipo miaka ya chuo inapolipa, kwa sababu mhasibu alifundishwa kuiona gharama hiyo kabla haijafika. Deni la Bodi ya Mikopo nalo halifutwi na barua ya kuacha kazi. Aliyekuwa akikatwa asilimia 15 ya mshahara sasa ni juu yake kulipeleka mwenyewe. Wazazi, msimzuie. Mwombeni awaonyeshe daftari la mapato na matumizi, na mkiliona limejazwa kila siku, mpeni baraka zenu na mtafutieni wateja.