Mtoto wa Miaka Minne Si Mshukiwa

Sheria ya Elimu ya Msingi, nambari 14 ya mwaka 2013, haimung'unyi maneno: mtoto hatanyimwa nafasi katika shule ya umma kwa kukosa ithibati ya umri wake. Inakataza kutoza ada ya kumsajili mtoto. Inaagiza kwamba anayepokea mchango wowote atoe risiti rasmi. Sasa njoo Kamukuywa, Kaunti ya Bungoma, shule zinapofunguliwa Januari, usimame karibu na meza wanakoandikishwa watoto wa chekechea wa PP1, usikilize swali la kwanza. Jina la mtoto litaulizwa baadaye. Kwanza ni: "Cheti cha kuzaliwa kiko wapi?"

Mama anatoa kadi ya kliniki. Imekunjwa mara nne na pembe zake zimelika, lakini kila chanjo ina tarehe na siku ya kuzaliwa iliandikwa kwa mkono wa nesi. Anaambiwa hicho si cheti. Kisha anapewa orodha: rimu ya karatasi, shashi, ufagio, kikombe, sahani, na "kitu kidogo cha fomu". Kwa mtoto, karatasi ya serikali ni lazima. Kwa pesa zinazoingia kwenye droo, hakuna anayekumbuka kuandika karatasi yoyote.

Simlaumu mwalimu aliyeketi pale. Ameagizwa, na aliyemwagiza naye ameagizwa. Tangu NEMIS, mfumo wa kusajili wanafunzi, uingie shuleni, mwanafunzi wa shule ya msingi asiye na cheti hakupata nambari, na asiye na nambari hakuhesabiwa kwenye mgao wa serikali wa Sh1,420 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Mwalimu mkuu aliyekosa mgao huo mara moja hangoji akose tena. Anaanza kuchuja mapema, kule chekechea, maana mtoto wa PP2 wa leo ndiye wa Gredi ya Kwanza mwaka ujao. Na sasa NEMIS inapisha KEMIS, mfumo mpya na nenosiri jipya, huku mama wa Kamukuywa akibaki na kadi ile ile ya kliniki.

Kichekesho ni kwamba huyu wa PP1 hahusiki hata kidogo na hizo Sh1,420. Mgao wa Serikali Kuu unaanzia Gredi ya Kwanza. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Kwa hiyo mtoto anafukuzwa mlangoni kwa ajili ya pesa ambazo hakuna aliyewahi kukusudia kumpa. Nionyesheni dhuluma iliyopangwa vizuri kuliko hiyo.

Mazoea haya yana umri. Mwaka 2003 Rais Mwai Kibaki alipotangaza elimu ya msingi bila malipo, chekechea iliachwa nje. Mzazi aliendelea kumlipa mwalimu wa nasari kutoka mfukoni mwake. Aliyeshindwa alimweka mtoto nyumbani, kisha akampeleka moja kwa moja darasa la kwanza kulikokuwa bure, mtoto akaketi na wenzake waliojua kushika penseli. Mwaka 2013 kaunti zikaurithi mzigo huo. Mwaka 2019 mtaala wa umilisi ukaingia nchi nzima, na miaka miwili ya chekechea ikawa ngazi ya kwanza rasmi ya elimu yetu, PP1 kwa mtoto wa miaka minne na PP2 kwa wa mitano. Mwaka 2023 jopo la mageuzi ya elimu la Profesa Raphael Munavu likapendekeza chekechea, msingi na sekondari msingi viwe shule moja chini ya usimamizi mmoja.

Shule moja kwenye ripoti, sawa. Uwanjani, mwalimu wa Gredi ya Pili ameajiriwa na tume ya walimu, TSC, na jirani yake wa PP2 ameajiriwa na kaunti, na mama aliyerudishwa nyumbani na mtoto hajui amlalamikie nani. Mwalimu mkuu anamwambia chekechea ni ya kaunti. Ofisi ya kaunti inamwambia cheti ni cha Serikali Kuu. Kwa chifu anaambiwa arudi Jumanne.

Sisi tulio Kamukuywa tunaiona adha hii maradufu kwa sababu tuko mpakani. Panda matatu kuelekea Kiminini na tayari uko Trans Nzoia, kwa gavana mwingine na bajeti nyingine ya chekechea. Familia zetu haziujui mpaka huo. Msichana kaolewa ng'ambo, ndoa imevunjika, mtoto kaletwa kwa kukhu, nyanya yake, upande huu. Kukhu anakumbuka vizuri mjukuu alizaliwa lini, ilikuwa Agosti ya mwaka wa tohara, na tohara ya Wabukusu haifanyiki mwaka wowote tu. Lakini baada ya miezi sita ya kuzaliwa, usajili unakuwa wa kuchelewa, na wa kuchelewa unataka vielelezo: kitambulisho cha mzazi, kadi ya kliniki au ya ubatizo, barua ya naibu wa chifu. Mama wa mtoto ana miaka 17. Kitambulisho atakitoa wapi? Na cheti chenyewe, kilichokuwa Sh50, kilipandishwa hadi Sh200 na serikali hiyo hiyo inayokidai mlangoni. Ongeza nauli ya kwenda Webuye na nyingine ya kufika Bungoma, kisha ufanye hesabu ya siku nzima bila kuuza sukuma wiki.

Najua jibu la wakubwa: vyeti vinazuia wanafunzi hewa. Wanafunzi hewa ni wizi wa kweli na walioiba wafungwe. Ila mwanafunzi hewa huandikwa na mtu mzima mwenye nenosiri la mfumo. Kukhu wa Kamukuywa hana nenosiri. Mjukuu wake si hewa hata chembe, amesimama pale mbele yako na kamasi puani, unaweza kumshika mkono.

Wazazi wenzangu wenye uwezo nao wasijifiche nyuma yangu wakipiga makofi. Ni sisi tuliokubali akademi zimfanyie mtoto wa miaka minne intavyuu, ahesabu hadi hamsini na kukariri rangi kwa Kiingereza, tena tukalipia intavyuu hiyo na kujisifu kanisani kwamba kapita. Tulipozoea kuona mtoto mdogo akipimwa mlangoni kule, tukaona ni kawaida apimwe na huku kwenye shule ya umma, ambako sheria inakataza mtihani wa kuingilia shule ya msingi isipokuwa wa kujua aketi darasa gani.

Kazi ya kumsajili mtoto ni ya serikali. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto jina na uraia tangu azaliwe, pamoja na elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Basi msajili na awafuate watoto. Wiki mbili za kwanza za Januari aketi shuleni pamoja na naibu wa chifu, kwenye meza ile ile ya PP1. Mtoto aingie darasani asubuhi hiyo hiyo, karatasi zimfuate. Ada ya cheti ilipwe kwenye bajeti ya kaunti. Na kila mzazi anayeombwa pesa ya fomu aseme neno moja, "risiti", kisha asubiri.

Bunge la Kaunti ya Bungoma lina wawakilishi 45 waliochaguliwa na wadi. Wakati wa kampeni waliifahamu njia ya kila boma hapa. Hoja ninayoitaka inaandikika kwa aya mbili, na Januari haiko mbali. Nani kati yenu ataiwasilisha?